Kumwona manta: Hanifaru mchana au Kona usiku?

Huko Hanifaru, katika Atoli ya Baa nchini Maldivi, mikondo ya monsuni ya kusini-magharibi hukusanya planktoni, viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, ndani ya ghuba ndogo, na manta, samaki wakubwa bapa wenye mapezi kama mabawa, hufika kwa wingi kula, wakizunguka midomo wazi mmoja nyuma ya mwenziwe. Kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa kumekatazwa. Mgeni huelea juu kwa miwani na mrija, chini ya macho ya walinzi. Huko Kona, Hawaii, ni watu ndio wanaoangaza kurunzi usiku ili kuvuta planktoni, kisha manta hupinduka karibu na nyuso zao, wakionyesha madoa ya tumboni yanayomtofautisha kila mmoja.

Kwa kutazama, Kona haina mfano. Hata hivyo naipendelea Hanifaru, kwa sababu huko mnyama hula kwa ratiba ya bahari, si ya mashua. Popote uendapo, usimguse hata kidogo: ute unaofunika ngozi yake ni kinga yake, na jike huzaa kwa kawaida mtoto mmoja tu baada ya mimba ya takriban mwaka mzima.