Radio Garden: Naisikia Mombasa nikiwa Muscat

Kazi yangu ni kuoka mikate, Muscat. Naanza kukanda unga saa tisa usiku, na mwaka wa pili sasa simu yangu hukaa juu ya rafu ya masinia ikiniletea redio za kwetu kupitia Radio Garden.

Ni programu ya Waholanzi, ilianza 2016. Ukiifungua unaona dunia nzima kama mpira, imejaa vidoti vya kijani. Palipo na doti pana redio inayorusha matangazo kwa intaneti. Unaizungusha kwa kidole. Mimi nashuka na pwani ya Kenya mpaka Mombasa, basi.

Nilichokipendea ni kwamba napata hata yale ambayo hakuna mtu angehangaika kuyarekodi. Video za harusi hutumiwa kwa WhatsApp, lakini hizo ni za jana. Saa moja u nusu asubuhi natoa mikate tanuuni, Mombasa ni kumi na mbili u nusu, na mtangazaji anaeleza foleni ya daraja la Nyali na feri ya Likoni. Mimi sina pa kwenda huko, lakini nasikiliza mpaka mwisho.

Bando hailiwi sana. Redio inayorushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hutumia karibu MB 29 kwa saa. Ya 128, mara mbili yake. Fahamu tu kwamba sauti inatoka kwa stesheni yenyewe, programu inakufikisha mlangoni. Mitambo yao ikizima, doti iko lakini kimya. Na walio Uingereza, tangu 2022 wamefungiwa stesheni za nje kwa sababu ya leseni za muziki. Hilo laniuma, kwani wenzetu wa pwani wako wengi huko.

Jambo jingine ni kuchelewa. Sauti huwekwa akiba kidogo isikatike njiani, kwa hivyo unasikia nyuma ya wenyewe. Ramadhani iliyopita nilikuwa kwa simu na mamangu, Kisauni, redio nimeifungua kwenye kompyuta, stesheni ile ile yake. Mimi nishafuturu zamani, maana jua la Muscat hutangulia.

“Mwanangu, washaadhini,” akasema.

“Kwangu bado, mama.”

Akanyamaza na tende yake mkononi, mpaka adhana ikafika na kwangu.