Kompyuta ya mkononi iliyolemewa na programu yake ya Wi-Fi: tathmini baada ya miezi saba ghalani

Kwa miezi saba sasa ninatumia kompyuta ya mkononi ya Android kuhesabia bidhaa ghalani, ile inayoshikwa kwa mkono mmoja na yenye kitufe cha pembeni cha kusomea msimbopau, na katika miezi miwili ya mwanzo nilikaribia kuirudisha kwa muuzaji. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu kasoro niliyokumbana nayo inaweza kumkuta yeyote anayetumia kifaa cha namna hii chenye programu ya ziada ya kusimamia Wi-Fi.

Kuhusu umbo lake sina malalamiko. Imeniponyoka zaidi ya mara moja ikaangukia sakafu ya saruji, na haikupata ufa. Betri yake inachomolewa na kubadilishwa bila bisibisi. Kisomeo chake kinasoma hata lebo zilizochubuka kingo. Prosesa yake ni ya wastani, RAM ni ya GB 3 na hifadhi ni ya GB 32, na kwa kazi ya kuhesabu hivyo vinatosha kabisa.

Kasoro ilikuwa mwendo. Wiki mbili za kwanza kifaa kilikuwa chepesi, lakini kufikia wiki ya tatu nilikuwa nikibonyeza kitufe, mlio wa kusoma unasikika, na idadi kwenye skrini haibadiliki mpaka zipite sekunde mbili au tatu. Nikiandika jina la bidhaa, herufi hazitokei hata moja, kisha zinamwagika zote kwa pamoja. Mtu aliyesimama mbele ya kreti mia nne hana subira ya namna hiyo. Atabonyeza tena, na kreti moja itahesabiwa mara mbili. Hilo liliniumiza kuliko muda uliopotea, kwa kuwa hesabu ikizidi, anayeulizwa ni mtunza ghala, wala hakuna anayekihoji kifaa.

Mhudumu wa muuzaji alinishauri nifute kila kitu na kukirejesha kifaa katika hali ya kiwandani. Nilifanya hivyo, nikapata nafuu ya siku chache, kisha uzito ukarudi uleule. Ushauri huo hutolewa upesi mno, na ni ushauri mbaya pale ambapo chanzo chenyewe kimekuja na kifaa, kwa sababu hali ya kiwandani hukirudisha chanzo hicho pamoja na vingine vyote.

Kilichonisaidia hatimaye ni saa ya ukutani. Siku moja nilikaa na kifaa mezani, nikawa nateremsha na kupandisha orodha ndefu kwa kidole huku nikitazama mshale wa sekunde, nikagundua kwamba orodha ilikuwa ikiganda kila baada ya sekunde 12, bila kukosea. Kifaa kilichozidiwa na kazi hukwama ovyo. Kinachokwama kwa kipimo kina kitu ndani yake kinachoamka kwa ratiba. Nikakiwasha katika hali salama, ambayo huzizuia programu zote alizoongeza mtumiaji, na mkwamo ukaendelea. Kwa hiyo mkosaji hakuwa kitu nilichokiweka mimi.

Baada ya hapo nilifungua chaguo za wasanidi programu, ambazo hujitokeza ukigusa nambari ya muundo mara 7 katika ukurasa wa maelezo ya kifaa, nikaangalia huduma zinazoendelea. Juu ya orodha ilikuwepo programu ya mtengenezaji ya kusimamia miunganisho, ambayo sikuwahi hata kuifungua. Nilipozima Wi-Fi kwa makusudi, iliiwasha yenyewe baada ya muda mfupi.

Programu hiyo ilikuwa ikitafuta mitandao bila kupumzika. Kila kifaa kinapotafuta mitandao, redio yake huacha chaneli inayozungumza nayo na kuzipitia nyingine moja baada ya nyingine. Kituo cha Wi-Fi kwa kawaida hutangaza jina lake takriban mara 10 kwa sekunde, hivyo mahali ambapo redio inasikiliza tu bila kuita, hulazimika kungoja karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde katika kila chaneli, na chaneli za masafa ya GHz 5 ni nyingi kuliko zile za GHz 2.4. Wakati huo data ya hesabu yako inasubiri mlangoni. Android inaujua udhia huu: tangu toleo la 9, programu ya kawaida inayotumika mbele ya macho ya mtumiaji inaruhusiwa kutafuta mara 4 tu ndani ya dakika 2, na iliyo nyuma mara 1 kila dakika 30. Lakini programu iliyopewa ruhusa za mfumo na mtengenezaji haifungwi na kikomo hicho, na hii yetu ilikuwa na ruhusa hizo.

Kibaya zaidi, kila utafutaji ulikuwa ukiandikwa. Nilikuta folda ya kumbukumbu za programu hiyo imefikia GB 9, na nilipofungua faili moja niliona mstari uleule umerudiwa ukurasa baada ya ukurasa: saa, jina la mtandao wetu, nguvu ya mawimbi -71, kisha maneno ya kwamba kituo bora kinatafutwa. Hifadhi ya aina hii inapokaribia kujaa, uandishi wake hupungua kasi, na ndiyo maana kifaa kilikuwa chepesi mwanzoni na kila baada ya kufutwa.

Namba ile ya -71 ndiyo iliyonionyesha kiini. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Programu ilipangwa ianze kutafuta kituo kingine mara mawimbi yanaposhuka chini ya -65, kiwango kinachofaa ofisi yenye kituo katika kila chumba. Katikati ya rafu za chuma, ambazo huyazuia mawimbi, mimi huwa chini ya hapo karibu siku nzima, na -71 bado inatosha kabisa kutuma tarakimu chache za msimbopau.

Kwanza niliizima programu yote. Kifaa kilikuwa chepesi papo hapo, lakini nilipotoka upande mmoja wa ghala kwenda mwingine kiliendelea kung'ang'ania kituo cha mbali mpaka mawasiliano yakakatika. Basi nikairudisha, nikafuta zile kumbukumbu, nikasimamisha uandishi wake, na kushusha kiwango hadi -76. Tangu hapo idadi hubadilika kabla mlio haujaisha, na betri iliyokuwa ikikata moto kabla ya adhuhuri sasa inafika mwisho wa zamu.

Kwa hiyo kifaa ninakipendekeza bila kusita kwa kazi ya ghala, ila programu yake ya miunganisho siwezi kuisifu. Mpangilio muhimu kiasi hiki umefichwa ndani ya kurasa tatu za menyu, haujaelezwa popote katika kijitabu cha maelekezo, na mtu aliyenunua kifaa kwa ajili ya kazi ngumu anaachwa akidhani amenunua kitu kibovu. Atakayekinunua akague kiwango hicho siku ya kwanza, na akikague tena baada ya kila sasisho la mfumo, kwa kuwa sasisho la mwezi uliopita lilirudisha -65 kimyakimya, nami nililitambua asubuhi ileile kwa orodha kuganda kila sekunde 12.