Turubai za pembeni kwenye bajaji: uzoefu wangu Dodoma

Nimefungisha turubai zenye madirisha ya nailoni ya kioo (plastiki angavu) pande zote za bajaji, RE ya kawaida yenye injini nyuma, kwa fundi anayeshona viti na maturubai hapa mjini. Zimepita kwenye upepo wa kipupwe na kwenye mvua. Nampa nne kwa tano. Ushonaji hauna dosari, lakini mambo yanayofanya kazi hii idumu hapa kwetu fundi hayafanyi mpaka uyaagize mwenyewe.

La kwanza ni nyuma. Wengi wanakazania pembeni kwa kuamini vumbi linarushwa na magari wanayopishana nayo. Kwenye njia za udongo, za ndani ya Nkuhungu au ukiiacha lami kule Ihumwa, vumbi kubwa linaingia kwa nyuma. Bajaji ikiwa mwendoni, nyuma yake hewa inakuwa na mgandamizo mdogo, na kila uwazi ulio kati ya hudi (paa la turubai) na bodi au chini ya kiti cha abiria unanyonya vumbi. Injini iko hukohuko, kwa hiyo unanyonya na moshi. Ukiziba pembeni tu umemfungia abiria ndani na vyote viwili. Agiza kwanza nyuma pazibwe kwa kipande cha turubai kinachoshuka mpaka kwenye bodi, halafu mbele, juu karibu na kioo, paachwe uwazi wa sentimita 5 kila upande. Hewa inayoingia mbele ndiyo inayosukuma vumbi nje.

Vifaa nunua mwenyewe, ufundi ulipe peke yake. Kitambaa ni turubai lenye PVC juu ya poliesta, la gramu 500 hadi 650 kwa mita ya mraba. Mita 5 za upana wa mita 1.5 zinatosha na mikanda inapatikana humo. Turubai jembamba la kusokotwa, lile la kufunikia mizigo, usilikubali hata ukipewa bure: sindano ikishapita, upepo unalichana kwenye mstari wa matundu. Nailoni ya kioo iwe ya milimita 0.5 au zaidi, mita 1.5 za upana wa mita 1.37. Ya kutandika mezani ni nyembamba, inajikunja mawimbi, na usiku taa za gari la mbele zinatawanyika humo mpaka dereva haoni kitu. Uzi wa poliesta, si wa pamba wala nailoni, maana jua linaumaliza. Sindano namba 18, mshono wa milimita 4 hadi 5. Ukibanwa zaidi ya hapo nailoni inakatika kwenye mshono kama stempu.

Zipu nazo. Chukua za plastiki zenye meno makubwa, namba 8 au 10, mita 5. Kwa kuwa abiria hupanda kushoto, mlango wa zipu mbili za mita 1.2 unawekwa huko. Kulia kwa abiria pafungwe kwa vifungo vya kubonyeza tu, na dereva apate zipu moja kila upande. Kichwa cha zipu kiwe na kishikio ndani na nje. Abiria anayeshindwa kujifungulia ni hatari, na hilo mafundi wengi hawalifikirii kabisa. Velkro usiweke: vumbi letu linajaa kwenye ndoano zake na baada ya muda haishiki.

Vifungo vya kubonyeza vya shaba, milimita 15, seti 60 na 10 za akiba. Nafasi kati yao isizidi sentimita 15, na chini ya kila kimoja kitambaa kikunjwe mara mbili. Fundi wangu alitaka kuvifunga kwa skrubu moja kwa moja kwenye bomba za fremu. Tundu la skrubu ndipo kutu inapoanzia. Tukakubaliana atumie klempu za kuzunguka bomba, na palipolazimu kutoboa, tundu likapakwa rangi kabla ya riveti.

Kipimo kichukuliwe kwa nailoni nyepesi iliyobandikwa kwenye fremu na kuchorwa papo hapo. Futi haitoshi, fremu nyingi zimepinda kidogo na kulia hakulingani na kushoto. Saa ya kufunga nayo ina maana yake. Nailoni ya kioo hulegea kwenye joto na kujikaza kwenye baridi. Ikifungwa jua la Oktoba likiwaka, asubuhi za Julai vifungo havifikii mahali pake. Ikifungwa alfajiri ya baridi, mchana inapigapiga. Saa tatu au saa nne asubuhi inafaa, na kitambaa kikatwe pungufu ya uwazi kwa sentimita 1.5, kivutwe.

Dirisha lishonwe kwa kufuata maji: ukingo wa juu wa nailoni uingie chini ya kitambaa, wa chini ulale juu yake kwa nje. Langu la kulia lilirudi kwa fundi kwa sababu hii hii, lilishonwa kinyume na maji yakatuama kwenye mshono. Kwenye pindo la chini pitisha bomba la PVC la nyaya za umeme, milimita 20. Linanyoosha turubai na ndilo unalokunjia unapolifungua.

Bomba nyeusi za fremu zizungushiwe tepu nyeupe popote zinapogusa nailoni, la sivyo jua likiipasha chuma, nailoni inaungua na kuacha mstari wa kahawia usiotoka.

Upande mmoja ukiwa wazi na mwingine umefungwa, upepo wa kusi kwenye barabara ya kwenda Mtumba unaisukuma bajaji. Fungua zote au funga zote, na punguza mwendo.

Kuosha nailoni ni maji kwanza, mengi, ndipo sabuni na kitambaa laini. Ukipangusa vumbi kavu umeshaikwaruza. Petroli na thina zinaitia ukungu. Zipu zipakwe mshumaa, si oili, maana oili inashika mchanga. Na vipande vilivyobaki usimwachie fundi, viraka utavihitaji.