Bati la Nyumba ya Pwani: Uliza Rangi Kwanza, Geji Baadaye

Tangu joto la Januari lianze, wasomaji wanaoniandikia kutoka Chanika, Kigamboni na Bunju wanalalamikia jambo moja kwa maneno yanayofanana: nyumba ni mpya, madirisha ni makubwa, feni inazunguka usiku kucha, na bado chumba cha kulala hakikaliki mpaka usiku wa manane. Nikiwauliza wameezeka nini, wote hunitajia geji (namba ya unene wa bati: ikiwa kubwa, bati ni jembamba), upana wa migongo na miaka ya dhamana waliyoahidiwa dukani. Rangi huja mwisho, tena kama suala la urembo: ni ya mkaa, au maruni, au nyeusi isiyong'aa iliyoonekana kwenye nyumba ya jirani.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu hautakaa kwenye kuvuja wala aina za migongo, mambo ambayo kila fundi anayajua na kila muuzaji anayasema. Ninayapanga mapaa kwa kigezo kimoja ambacho madukani hakitajwi kabisa, nacho ni kiasi cha jua ambacho paa linakirudisha angani badala ya kukishusha juu ya kitanda chako.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena katika Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini, na katika miezi ya joto iliyo kati ya hapo halisogei mbali na utosi. Jua la namna hiyo huupiga ukuta kwa kuupitia pembeni, lakini paa hulipata lote, ndiyo maana katika nyumba isiyo ya ghorofa joto jingi huingilia juu. Bati jipya jeupe lililopakwa rangi kiwandani hurudisha sehemu kama sita hadi saba kati ya kumi za jua linaloliangukia, ilhali la rangi ya mkaa hurudisha moja, pengine mbili. Saa saba mchana pasipo upepo, bati la mkaa linaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi. Upande wake wa chini hulimimina joto hilo juu ya dari, na jioni, bati lenyewe likiwa limekwisha kupoa, dari ya jipsamu na kuta za juu bado zinalitoa joto hilo chumbani taratibu. Mwenye kiyoyozi huligharimia tena kwa uniti za umeme wa LUKU, na asiye nacho hulala sebuleni mlango ukiwa wazi.

Asiyeniamini na aombe dukani vipande viwili vya sampuli vya aina moja na geji moja, kimoja cha krimu na kingine cha mkaa, avilaze juani juu ya matofali wakati wa adhuhuri, kisha baada ya muda apitishe kiganja chini yake bila kuvigusa. Chini ya krimu atahisi uvuguvugu. Chini ya mkaa atauondoa mkono, kama mtu aliyeupitisha juu ya jiko la makaa.

Nafasi ya kwanza, bila kusita, naipa bati la chuma lililofunikwa kwa mchanganyiko wa alumini na zinki na kupakwa rangi nyeupe, krimu au kijivu hafifu kiwandani, katika geji 28. Kati ya watengenezaji, chaguo langu ni ALAF, kiwanda cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1960, na nasema wazi kwamba nawapendelea. Sababu yangu ni kwamba mnunuzi anaweza kwenda kwa mtengenezaji mwenyewe, akaagiza rangi anayoitaka na urefu wa paa lake, akapata karatasi zinazoeleza alichokinunua. Kwa jirani zetu wa Kenya, Mabati Rolling Mills ni wa Safal, kundi la kampuni lililo na ALAF pia. Bei ni ya juu kuliko ya bati la mtaani, ila ikumbukwe kwamba ndani ya aina moja ya bati, kwa kawaida rangi nyeupe haikuzidishii gharama kuliko rangi ya mkaa. Vumbi litalipunguzia bati jeupe uwezo wake kiasi, na mvua za masika zitalirudishia sehemu kubwa.

Hata bati hilo la kwanza linaweza kuharibiwa na namna ya kupaua. Karatasi ya foili inayowekwa chini ya bati hufanya kazi pale tu uso wake unaong'aa unapotazamana na nafasi ya hewa. Sentimita mbili au tatu zinatosha. Mafundi wengi huitandaza juu ya papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, na kulibana bati juu yake, na pale inapogusana na bati hupokea joto moja kwa moja na kulipitisha. Mwambie fundi ailegeze kidogo kati ya papi na papi, au aongeze papi nyembamba juu yake, na umwambie kabla hajapanda. Pia hewa ya juu ya dari inahitaji pa kuingilia chini ya upenu na pa kutokea karibu na kofia, yaani kifuniko cha kilele cha paa, matundu yote yakiwa na wavu wa kuzuia popo.

Hapa ndipo mtindo wa paa la kuficha unaponitia uchungu. Watu wanapandisha ukuta kulizunguka paa lote, upenu unaondolewa, na ukuta uliokuwa ukikaa kivulini sasa unachomwa na jua la asubuhi upande wa mashariki na la alasiri upande wa magharibi. Upenu wa sentimita 60 hadi 90 hugharimu bati na mbao kidogo tu, na hakuna rangi ya ukutani inayofanya kazi yake.

Nafasi ya pili ni vigae vya udongo au vya saruji. Ni vizito, hivyo huchelewa kupata moto, na hewa hupenya katika maungio yake. Tatizo ni uzito wenyewe: mita moja ya mraba ya vigae vya saruji hufikia kilo 40 hadi 50, wakati bati halifiki hata kilo tano, kwa hiyo kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, lazima ziwe nene na zisogezwe karibu, na gharama ya mbao hupanda kabla kigae cha kwanza hakijawekwa. Anayeweza kuimudu asisite.

Ya tatu ni bati la alumini na zinki lisilopakwa rangi. Likiwa jipya hurudisha jua vizuri, lakini uso wa metali mtupu huliachilia taratibu mno joto lile dogo ulilolipokea, kwa hiyo hupata moto kuliko jeupe. Ya nne ni mabati yenye punje za mawe, ambayo ni mazuri kwa macho na hutuliza kelele za mvua, ila karibu yote yanayouzwa ni ya rangi za giza. Makuti yanayapita yote kwa ubaridi, lakini moto na kuezeka upya kila baada ya miaka michache vimeyaacha mahotelini. Bati jembamba la geji 32 liwe la banda.

Limebaki suala la wauzaji. Nimewahi kuingia katika duka moja la vifaa vya ujenzi nikiulizia bati jeupe, nikajibiwa kwamba rangi hiyo haichukuliwi na watu, kisha nikaoneshwa ukuta mzima wa mkaa na maruni. Watu wataichukuaje isipowekwa? Duka hilohilo liliniuzia kwa jina la geji 28 bati ambalo kipimo cha unene kilionesha milimita 0.3, yaani geji 30, na muuzaji akadai kwamba kipimo changu hakijui kupima rangi, ingawa rangi huongeza unene na haiupunguzi. Dai uandikiwe kwenye risiti unene wa chuma kwa milimita, bila rangi, pamoja na upana unaofunika baada ya bati kulaliana, kwa maana bei inayoonekana nafuu kwa kipande huficha upana uliopunjwa. Akikataa kuandika, usilipe, hata kama gari la mzigo limekwisha kuwashwa nje.