Darubini ya Kwanza kwa Mtazama Nyota wa Unguja na Pemba

Mtu anayetafuta darubini ya nyota kwa mara ya kwanza huuliza kwanza inakuza mara ngapi, na swali hilo ndilo linalompotezea fedha zake. Mimi lilinipotezea. Darubini yangu ya kwanza ilikuja katika boksi lenye picha ya Zohali na maandishi makubwa ya “mara 525”. Kioo chake kilikuwa na kipenyo cha milimita 76, na umbali wake wa fokasi, yaani kutoka kioo hadi pale mwanga unapokutana, ulikuwa milimita 700. Ukuzaji hupatikana kwa kugawa umbali huo kwa ule wa lenzi ya jicho, hivyo lenzi ya milimita 4 iliyokuwemo ilitoa mara 175, na lenzi ya kuongezea ya mara tatu ndiyo iliyofikisha hiyo 525. Lakini kioo hakibebi ukuzaji unaozidi takriban mara mbili ya kipenyo chake kwa milimita, yaani 152 kwa kioo kile, na kinachozidi hapo ni kiwingu kitupu. Nilipoilenga Zohali kutoka uani kwetu Chake Chake, kila nilipogusa skrubu ile miguu mitatu myembamba ilitetemeka, na sayari ikatoroka kabla sijaiona pete yake.

Kwa hiyo yanayopaswa kuulizwa ni mawili: upana wa kioo, kwa kuwa huo ndio unaokusanya mwanga, na uthabiti wa kitako kinachokibeba.

Kwa vigezo hivyo, nafasi ya kwanza naipa darubini ya kioo (inayokusanya mwanga kwa kioo badala ya lenzi) ya milimita 130 yenye kitako cha Dobson cha kuweka mezani. Mfano wake unaojulikana sana ni Sky-Watcher Heritage 130P, ambayo bomba lake husukumwa likafupika, na ambayo uzito wake wa kilo 6 hivi humruhusu mtu kuipakata ndani ya boti kutoka Malindi hadi Mkoani. Huja na lenzi za milimita 25 na 10, zinazotoa mara 26 na mara 65, na hiyo 65 inatosha kabisa kuionesha pete ya Zohali na mikanda ya Mshtarii. Bei yake ng’ambo huwa baina ya dola 200 na 300, kabla ya nauli na ushuru. Kasoro yake ni kwamba inahitaji mahali pa kuikalisha, lakini sisi tunazo baraza za mawe mbele ya nyumba zetu, na baraza haitikisiki. Kitako chenyewe ni sanduku la mbao linalozunguka na kuinama. Mmarekani John Dobson, aliyefariki mwaka 2014, aliwafundisha watu wengi kujitengenezea, na seremala wetu anayeweza kuunda kabati anaweza kukitengeneza kikivunjika.

Mwenye fedha kidogo zaidi anunue darubini ya macho mawili ya 10x50 (inayokuza mara 10, na lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 50), ambayo ndiyo ya pili kwangu, na wala asijione amepunjwa. Kwayo Kilimia hugeuka shada la nyota, na ukiiegemeza ukutani utaiona miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Ukiwa Jambiani au Makunduchi, mbali na taa za Mji Mkongwe, Omega Centauri, kundi kubwa la nyota zilizosongamana, itaonekana upande wa kusini kama tone la maziwa. Hufaa pia kutafutia mwezi mwandamo, kwa sharti moja lisilo na mjadala: isiinuliwe mpaka jua lizame lote, kwani nukta moja ya jua ndani ya lenzi hupofua jicho.

Ya tatu ni Dobson kamili ya milimita 150. Huonesha zaidi kuliko zote mbili, lakini bomba lake hupita urefu wa mita moja, na humfaa mwenye ua wenye giza asiyehitaji kuisafirisha. Ya nne ni darubini ya lenzi ya milimita 70 yenye kitako cha kupanda, kushuka na kuzunguka tu. Kwa mwezi ni nzuri, na haitaki matunzo mengi.

Zenye kitako cha ikweta nazikataa kwa hapa kwetu, hata zikiwa za bei poa. Kitako hicho hufanya kazi pale mhimili wake unapoelekezwa kwenye ncha ya mbingu, yaani pale ambapo nyota huonekana kupazunguka, nasi tuko nyuzi 5 hadi 6 tu kusini mwa ikweta. Ncha ya kusini imelala nyuma ya minazi, ilhali Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wa macho. Vitako vingi vya bei nafuu haviinami kiasi hicho, na vikilazimishwa, uzito wa kusawazishia hugonga miguu.

Ukipata iliyotumika, mulika tochi ndani ya bomba kwa pembeni kabla ya kutoa fedha. Unyevu wetu huotesha ukungu wenye nyuzi kama utando wa buibui, na ukishaila lenzi, alama yake haifutiki. Ukiikuta safi, iache ikauke kila baada ya kuitumia, kisha ifunike na kuihifadhi ndani ya ndoo yenye mfuniko mkaza pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Kioo kikiingia vumbi, usikifute kwa kanga. Chembe moja ya mchanga wa pwani inatosha kukichora.