Kibodi ipi ununue kama vifundo vya mikono vinauma

Kabla hujatoa hela, geuza kibodi uliyonayo uangalie chini. Vile vimguu viwili vya nyuma, vikunje. Vikiwa vimesimama, viganja vinapinda kwenda juu muda wote unaochapa, na kifundo kinabanwa. Kisha sogeza mausi karibu. Wapo ambao maumivu yao huishia hapo.

Bado unaumia? Tazama mikono yako ikiwa kazini. Kibodi ya kawaida ni nyembamba kuliko mabega, kwa hiyo mikono inakutana katikati na viganja vinapindia nje, upande wa kidole kidogo. Kibodi inayofaa hupunguza kupinda huko. Taa za rangi na mlio wa vitufe ni mapambo tu.

Kwa watu wengi, namba moja naipa Logitech Ergo K860, iliyotoka 2020 kwa dola 130 hivi za Marekani. Ni kipande kimoja kilichoinuka katikati, vitufe vimegawanywa makundi mawili, na pa kuegemeza viganja pamo humo humo. Ninachokipenda ni vimguu vyake: viko mbele, chini ya viganja. Ukivisimamisha, kibodi inainamia mbali nawe kwa nyuzi 4 au 7, na kifundo kinanyooka, hasa ukichapa umesimama. Kasoro ni upana. Vitufe vya namba viko kulia na vinasukuma mausi mbali, bega nalo linalipa. Mhasibu atavumilia, mtu wa kuandika barua pepe kutwa nzima, sina hakika.

Ya pili ni Kinesis Freestyle2. Hii ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa waya. Ya kawaida inaachana hadi sentimita 23 hivi. Haina vile vitufe vya namba vya kulia, hivyo mausi inakaa jirani. Kama una mabega mapana, ifanye ya kwanza. Ila muulize muuzaji kama bei ina vile vipande vya kuinulia katikati, maana mara nyingi huuzwa kando.

Mfuko ukiwa mwepesi, Perixx Periboard-512 inatosha. Ina mgawanyo na mwinuko, ni kubwa na inakula meza. Pima kwanza.

Nazishusha mkiani Moonlander ya ZSA na Kinesis Advantage360, ingawa ndizo zinazosifiwa kuliko zote. Bei zinavuka dola 300, vitufe vimepangwa kwa nguzo zilizonyooka, na gumba linapewa kazi nyingi. Kasi yako ya kuchapa itaporomoka kwa wiki kadhaa. Usianze nazo wiki ya kukabidhi ripoti.

Kama gumba, kidole cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, hasa usiku, nenda kwa daktari kwanza. Huenda neva ya kifundoni imebanwa, na hilo halitibiwi dukani.

Kwa wanaowinda mtumba: Microsoft Sculpt ya 2013 ni nzuri, na vitufe vyake vya namba viko kando kabisa. Lakini haina waya, na kila moja imeoanishwa kiwandani na kidude chake cha USB cha kuchomeka kwenye kompyuta. Kikipotea, hakuna kingine kitakachokubali. Mwambie muuzaji akichomeke mbele yako, uchape mstari mzima, ndipo mzungumze bei.