Gdb imenyamaza: Git Bash au dirisha jeusi la Windows?

Juzi barazani Michenzani kijana mmoja alinigeuzia laptopu: "Kaka, gdb imekufa." (Gdb ni chombo cha kusaka makosa ndani ya programu.) Kaandika `run`, kimya. Kaandika `quit` kwa hasira, maandishi yote yakamwagika kwa mpigo. Haikufa, ilikuwa imebanwa na Git Bash, dirisha la kuandikia amri linalokuja na git.

Kwa kutoa majibu papo hapo, dirisha jeusi (cmd) linashinda. Humo programu ya Windows inajua inaongea na konsoli, yaani dirisha la amri lenye mtu mbele yake. Dirisha la Git Bash, mintty, hasa matoleo ya zamani, huipa bomba (pipe, njia ya kupitisha data) badala ya konsoli, na maandishi hujikusanya kwenye bafa, ghala la muda, mpaka ijae au programu ifungwe. Usihangaike kuongeza `\n`, alama ya mstari mpya. Ndani ya bomba haisukumi kitu. Ukiweka `setvbuf(stdout, NULL, _IONBF, 0);` mwanzoni mwa `main` ya programu yako ya C ili kuzima bafa, programu itasema mara moja, lakini gdb yenyewe itabaki imenuna. Dawa ya zote mbili ni winpty, kiprogramu kinachoipa programu konsoli halisi: `winpty gdb ./hesabu.exe` (hesabu.exe ni programu unayoikagua).

Kwa raha ya kazi, Git Bash haina mpinzani: `grep`, `ls`, git, vyote mkononi. Cmd mimi hunichosha.

Matunzo? Cmd haidai kitu. Winpty ina kisirani chake: ukielekeza matokeo kwenye faili, hugoma na kulalamika `stdout is not a tty`, yaani matokeo hayaendi kwenye dirisha la amri.

Kwa hiyo anayeazima kompyuta ya maabara kwa saa moja atumie cmd. Anayeshinda na git kutwa aandike `alias gdb='winpty gdb'` kwenye `.bashrc`, faili la mipangilio ya Git Bash, ili `gdb` ipitie winpty yenyewe. Kijana wetu kachagua hiyo ya pili.